Popo Darini, Nyuki Ukutani

Saa moja jioni, giza likianza kuingia Kasulu, mkoani Kigoma, mabati ya majengo mengi huanza kukwaruza. Popo mmoja hujipenyeza kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na bati, hudondoka kidogo kabla ya kukunjua mbawa, kisha hupotelea upande wa migomba. Anafuata wa pili, wa kumi, wa hamsini, wote kwa tundu lile lile, na chini ya tundu hilo ukuta una doa la kahawia ambalo kila chokaa mpya hulificha kwa muda tu. Waumini wa viti vya nyuma kanisani, wanafunzi wa mabweni, wauguzi wa zahanati, wote wanaijua harufu yake.

Suala la kuwaondoa kwa kawaida huwa la dawa: ni ipi inayoua haraka na inauzwa duka gani. Ni nadra kulisikia likiulizwa kama suala la dini, ingawa jengo lenyewe mara nyingi ni la ibada, na wanaoliuliza ni watu wanaofungua na kufunga vikao vyao kwa sala. Je, kiumbe aliyeingia nyumbani mwa mtu bila kubisha hodi anadaiwa nini, naye anadai nini?

Kwanza ajulikane huyo anayeshtakiwa. Popo wa darini kwa kawaida ni wadogo, walaji wa wadudu, na wengi ni wa jenasi ambayo wataalamu huiita Mops, wenye mkia uliochomoza nje ya ngozi. Makazi yao ya asili ni mapango ya miti mikubwa na mianya ya miamba. Bati limewapa kitu kinachofanana na hayo, tena kilicho bora: joto. Mmoja wao, popo wa Angola, hulala mchana kutwa chini ya bati lenye joto linalopita nyuzi 40, mahali ambapo binadamu hawezi kukaa nusu saa. Wakati huohuo miti mikubwa ya miombo imekatwa kwa ajili ya mkaa, kuni na kukaushia tumbaku, na watu wameongezeka. Sensa ya 2012 iliuhesabia mkoa wa Kigoma watu milioni 2.1, ile ya 2022 ikakaribia milioni 2.5. Nyumba za tofali za kuchoma na mabati zimejaa kuanzia Kasulu hadi Kibondo na kuendelea Kakonko. Mti wenye pango umeondoka, paa lenye uwazi limekuja. Popo amefanya hesabu ambayo mtu yeyote angeifanya.

Kazi anayoifanya usiku haionekani, na pengine ndiyo sababu hapewi shukrani. Popo jike anayenyonyesha anaweza kula kwa usiku mmoja wadudu wenye uzito unaokaribia wake mwenyewe: nondo, mende wa mashambani, mbu kiasi. Tena huzaa kitoto kimoja kwa mimba, si kumi kama panya, kwa hiyo kundi likiangamizwa huchukua miaka kurudi.

Njia za kumfukuza zinajulikana. Pilipili kavu huchomwa kwenye sufuria la makaa. Dawa ya kunyunyizia mimea hupulizwa darini, kisha watu wanalala chini ya dari hiyo hiyo. Mbaya kuliko zote, na ndiyo inayoonekana ya kistaarabu kwa kuwa haina moshi wala sumu, ni kumwita fundi mchana aje azibe tundu kwa sementi wakati kundi zima limelala ndani. Siku kadhaa mbele, waliobaki hai hutokeza sebuleni kupitia taa za dari. Waliokufa hunuka hadi mwenye nyumba anabomoa silingibodi. Hakuna aliyekusudia ukatili. Fundi aliziba tundu, basi.

Hapo ndipo maandiko yanapofaa kusomwa kwa utulivu. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inamtaja popo mwishoni mwa orodha ya ndege walio najisi (Musa hakuwa anaandika kitabu cha baiolojia), na ni rahisi mtu kuuchukua unajisi huo kama hati ya kifo. Lakini sura ile inazungumzia kitoweo. Inamkataza mtu kumla popo. Haimwagizi kumuua, na kwa kweli kama kila Myahudi wa kale angelitii, popo angekuwa mmoja wa viumbe salama kabisa katika nchi. Zaburi ya 84 inakwenda mbali zaidi: mwimbaji anamtazama shomoro na mbayuwayu waliojipatia viota karibu na madhabahu ya Bwana, na hamwiti mtu alete fimbo. Anawaonea wivu, kwa sababu wao wanakaa pale anapotamani kukaa yeye. Baraza la wazee wa kanisa linalojadili popo wa darini lingefanya vyema kuisoma zaburi hiyo kabla ya kupiga kura, hata kama mwisho wake litaamua waondoke. Kinyesi cha popo kinapokauka na kuwa vumbi kinaweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu, na mwimbaji wa zaburi hakuwa na kwaya ya watoto iliyokaa chini ya dari iliyooza.

Uislamu, wenye mizizi mirefu katika mkoa huu kupitia Ujiji, una mengi ya moja kwa moja zaidi kuhusu wanyama wa nyumbani mwa watu. Sura ya An-Nahl inaeleza kwamba Mola aliwafahamisha nyuki wajifanyie makazi milimani, mitini na katika vile wanavyovijenga watu. Yaani ukuta wa mtu umo katika orodha. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inakataza kuua wanne: chungu, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye suradi. Nyingine inaruhusu kuua watano wanaodhuru, wakiwamo panya, kunguru na nge. Kuhusu nyoka wanaoonekana ndani ya nyumba, Sahihi Muslim ina mapokezi yanayotaka waonywe kwanza kwa siku tatu. Anayebaki baada ya hapo, auawe. Waswahili wanaomhesabia mgeni siku mbili na ya tatu wakampa jembe hawako mbali na hesabu hiyo.

Ukizipanga hukumu hizi pamoja na ile ya Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inayomtaka anayekuta kiota amwache mama aende zake, linaonekana jambo ambalo wapenda wanyama na wauaji wa wanyama wote hulikosa. Hakuna kati ya maandiko haya linalosema usiue kamwe, na hakuna linalosema ua upendavyo. Yanachodai ni hatua ya katikati: aonywe, asubiriwe, mama aachwe, mmoja asiadhibiwe kwa kosa la mwingine. Kuna hadithi ya nabii mmoja wa kale aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji kizima cha chungu kichomwe moto, naye akalaumiwa na Mola wake: aliyekuuma si alikuwa mmoja?

Ulaya ya Kikristo ililichukua jambo hili hadi mahakamani. Mwanzoni mwa karne ya 16, huko Autun nchini Ufaransa, inasimuliwa kwamba panya walishtakiwa kwa kula shayiri, wakawekewa wakili, Barthélemy de Chasseneuz. Wateja wake hawakutokea. Wakili akadai kwamba wito haukuwafikia wote kwa kuwa wametawanyika vijiji vingi, usomwe upya katika kila parokia. Walipokosa kutokea tena, akasema njia ina paka wengi na sheria haimlazimishi mtu kuitikia wito unaohatarisha maisha yake. Inachekesha, na pengine yeye mwenyewe alicheka. Hata hivyo jamii iliyokuwa tayari kumpa panya wakili ilikuwa imekubali jambo moja zito, kwamba kero ya mshtakiwa haifuti haja ya kusikilizwa.

Thomas Aquinas, aliyemtangulia wakili huyo kwa karne mbili na zaidi, hakuona kwamba mnyama anadai chochote kwa haki yake. Alikataza ukatili kwa sababu anayezoea kutesa mnyama atamtesa mtu, na Immanuel Kant akairudia hoja hiyo karne ya 18. Ni hoja inayofaa kuwafundishia watoto wanaowapopoa mijusi, lakini kwa popo wa darini haitoshi. Fundi wa Kasulu aliyeziba lile tundu hajazoea ukatili wowote; amerudi nyumbani kwa mkewe akiwa mpole vilevile. Ubaya wa tendo lake, kama upo, uko kwa wale waliobaki ndani. Jeremy Bentham aliliona hilo mwaka 1789 alipoliacha swali la akili na usemi na kuuliza kama mnyama anaumia. Na Papa Francis, katika waraka wake wa Laudato si' wa 2015, aliwaambia Wakatoliki kwamba viumbe vingine vina thamani yao mbele za Mungu, mbali na faida anayoipata binadamu.

Hayo yote ni rahisi kuyasema ikiwa hakuna aliyekufa. Barabara inayotoka Kasulu kupitia Kibondo na Kakonko inafika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Bukoba Vijijini: watu tisa waliugua, sita wakafa. Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba umeibuka tena, safari hii Biharamulo kwenyewe. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wote kumi walikuwa wamefariki. Virusi vya Marburg vinahifadhiwa na popo. Mzazi wa Kibondo aliyesikia habari hiyo redioni akatazama dari ya chumba cha wanawe hahitaji kuambiwa habari za Zaburi.

Anachohitaji ni kuelezwa kwamba popo si mmoja. Duniani kuna zaidi ya spishi 1,400. Anayebeba Marburg ni popo wa Misri, mla matunda, anayelala kwa maelfu mapangoni na migodini. Mops wa chini ya bati ni ukoo mwingine. Nao hawana hati safi kabisa: mwaka 2018 virusi vya jamii ya Ebola vilivyopewa jina la Bombali viligunduliwa kwa popo wa majumbani nchini Sierra Leone, baadaye vikaonekana Kenya, ingawa hakuna mtu anayejulikana kuugua kwavyo. Kwa hiyo tahadhari ina msingi: popo asishikwe kwa mkono mtupu, kinyesi kilowanishwe kabla ya kufagiwa, pua na mdomo vifunikwe.

Kuwaua je? Uganda imeshajaribu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, wilayani Kamwenge, waliugua Marburg. Mgodi ulikuwa na popo wanaokadiriwa kufikia 100,000, na baada ya tukio lile wakaangamizwa. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka Ibanda, kilomita 20 hivi kutoka pale. Watafiti waliporudi mgodini walikuta kundi dogo, asilimia chache tu ya lile la awali, limehamia upya. Kabla ya mauaji popo wenye maambukizi hai walikuwa asilimia 5. Sasa walikuwa zaidi ya 13. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba wageni wengi wasio na kinga waliingia mahali palipoachwa wazi, virusi vikapata kuni mpya. Mauaji yale yalifanywa kwa hofu ya haki kabisa, na yakaongeza kile kilichoogopwa.

Kwa bahati nzuri, watu wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, hawahitaji kufundishwa kutoka nje namna ya kumhamisha kiumbe bila kumwangamiza. Wanafuga nyuki. Kibondo na Kasulu zinajulikana kwa asali ya miombo, na mizinga ya magogo na ya magome iliyotundikwa mitini ni kazi ya mikono ya wenyeji tangu kabla ya Mjerumani. Kundi la nyuki likiingia kwenye ukuta wa darasa au kwenye dari, kuna njia mbili. Ya kwanza ni petroli na kiberiti usiku, ambayo imeshateketeza paa pamoja na nyuki. Ya pili ni kumwita mrina asali. Anakuja jioni, anapuliza moshi taratibu. Moshi unafunika harufu ambayo nyuki huitumia kupeana habari za hatari, na unawafanya wajaze matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama. Anakata masega moja moja, anamtafuta malkia, anamtia kwenye mzinga, na waliobaki wanamfuata. Usiku mzinga unafungwa na kubebwa. Mrina amepata kundi, shule imepata darasa, na ukuta usipozibwa msimu huo huo kundi lingine litaingia, kwa maana harufu ya nta inabaki.

Pamoja na hayo, kuhamisha kusichukuliwe kuwa rehema kila mara. Nyuki wana malkia na mzinga ulioandaliwa. Nyoka anayekamatwa jikoni na kwenda kuachiwa msituni, kilomita kumi mbali, hana kitu. Tafiti za nyoka waliohamishwa, katika nchi kadhaa, zimeonyesha mara nyingi kwamba wanaopelekwa mbali hutangatanga kuliko wenyeji, hawajui maji yalipo wala shimo la kujificha, na wengi hufa. Aliyemwachia amekwenda zake na dhamiri nyeupe.

Nyanda hizi zina kumbukumbu zake za kuhamishwa. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi ya pamoja kwa ajili ya malale yanayoenezwa na mbung'o. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa pori. Kuanzia 1972 Kigoma ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuhamishiwa vijijini kabla Operesheni Vijiji haijaenea nchi nzima. Safari zote mbili waliohamishwa waliambiwa ni kwa faida yao, na safari zote mbili sababu zilikuwapo. Mzee aliyepandishwa lori akiacha mihogo ardhini anaelewa, bila mwanafalsafa, kwamba kutouawa na kutendewa haki ni mambo mawili. Kabla ya hapo Waha walikuwa na wateko, viongozi wa ibada waliosimama kati ya watu na nguvu za ardhi. Mwanahistoria Michele Wagner ameandika juu yao. Kwa fikra za namna hiyo mtu hakuanza maisha mahali patupu. Palikuwa na wenyewe, wasioonekana, na makazi yalihitaji maelewano.

Ndiyo maana kwa popo njia bora si kumuua wala kumbeba. Ni kumwacha atoke mwenyewe, asirudi. Mwenye nyumba anakaa nje jioni kadhaa akihesabu matundu. Madogo anayaziba. Lile kubwa linalotumika analitundikia wavu laini uliofungwa juu na kuachwa wazi chini, au kipande cha bomba la plastiki kilichoelekezwa chini: popo anatambaa akitoka, lakini akirudi hapati pa kushika. Baada ya wiki moja hivi dari inakuwa tupu, na tundu linazibwa. Sharti ni kwamba kusiwe na vichanga. Wengi huzaa msimu wa mvua, na wengine zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo kwa Kigoma kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho chenye nafuu. Anayesikia sauti za vitoto angoje wiki tano au sita wajue kuruka. Hapo hatua ya katikati iliyomo katika maandiko inageuka kuwa tarehe kwenye kalenda.

Hata hivyo, aliyeketi nje na tochi akihesabu matundu anarekebisha kosa lililofanyika zamani, siku ya kuezeka. Fundi alipandisha ukuta hadi kwenye lenta, akaweka kenchi na papi, akapiga bati, na mawimbi ya bati juu ya ukuta yakaachwa wazi kwa sababu kuyaziba kungeongeza siku ya kazi na mfuko wa sementi. Popo hupita mahali penye upana wa kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali si fumbo, ni maelekezo ya kazi. Sehemu kubwa ya swali la kimaadili huwa imeshaamuliwa pale, na mtu ambaye hafikirii wanyama hata kidogo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inamsubiri mwenye ukatili mwishoni mwa mkasa. Mwanzoni mwake kuna bajeti ya jengo. Halmashauri au parokia inayojenga bweni jipya bila kuweka wavu chini ya bati imeshapanga mauaji ya miaka kumi ijayo, nayo haiwezi baadaye kusema wanyama wamevamia. Mjane mwenye nyumba ya tofali mbichi na bati nane hawezi kulaumiwa vivyo hivyo.

Panya ndiye anayezitatiza hoja hizi zote. Hakuna zaburi inayomtaja karibu na madhabahu, sheria ya Kiislamu imemweka kati ya wale watano, na mkulima wa Kibondo anayehifadhi magunia ya mahindi chumbani hana wiki sita za kusubiri. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kimemtafiti panya kwa miongo mingi, na hapo hapo shirika la APOPO limewafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, kazi ambayo imeokoa maisha ya watu. Hilo halimsaidii aliyekuta gunia limetobolewa. Mifuko isiyopitisha hewa, kihenge cha chuma au paka vitapunguza kero, haitakwisha. Ataua, na imani yake, iwe ya Kikristo au ya Kiislamu, haimzuii. Kinachobaki kuulizwa ni namna. Mtego wa chuma unaobana shingo unamaliza kwa sekunde. Sumu ya kuzuia damu kuganda huchukua siku kadhaa, na bundi anayemla panya huyo anaweza kufa naye. Gundi humshika hai hadi asubuhi, akivutana na ngozi yake.